Kumpeleka mama makao ya wazee ni kumuasi?

SWALI: Shekhe, mama yangu amepoteza kumbukumbu. Usiku hufungua mlango akatoka asijue aendako, na kumnyanyua kila siku kumeniharibu mgongo. Nimepata makao ya wazee yenye wauguzi, lakini kaka zangu wanasema nikimpeleka nimemuasi. Ni kweli?

JIBU: Pole, binti yangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na hilo la kaka zako limenikera.

Wanaokutisha hushika neno "indaka", yaani "kwako", katika Suratul Israa aya ya 23, wakidai mzazi lazima azeekee chini ya paa la mwanawe. Aya haikusema hivyo. Imetaja hali, kwamba wazazi wamefikia uzee wakiwa kwako, kisha ikaamrisha: usiwaambie "ah", usiwakemee, sema nao kwa heshima. Kilichokatazwa ni kuwaudhi. Kuomba msaada hakumo. Na kama hoja ni paa, mbona la kwao halitajwi? Aya haikuwasemesha mabinti peke yao. Mwana asiyekesha na mama yake hata usiku mmoja, kisha akatoa fatwa kwa simu, huyo ndiye wa kuogopa uasi. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, na mama anayepotea gizani anahitaji macho zaidi ya yako mawili.

Basi mpeleke, wala huna dhambi. Ila wapo wanaolipa ada wakatoweka, na huko ni kumtupa mzazi hata kama mahali panameremeta.

Wauguzi wanajua dawa na vidonda vya kulala. Hawajui mama anapenda kuitwaje, nini humtisha, wala ni dua gani humtuliza akikataa kula. Hayo unayo wewe, wape. Hakikisha anaoshwa na wanawake. Sala isikutie hofu: akili ikiwa imemtoka halaumiwi, na siku ikimrudia asali hata ameketi. Uende saa zisizotabirika, uone anavyohudumiwa wasipokutarajia. Kaka zako wagawane gharama, na wagawane siku za kumtembelea pia. Pesa haimshiki mtu mkono.

Akikuita kwa jina la dada yake, itika tu, usimsahihishe. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.