Umepata besi mpya ya mtindo wa zamani? Iache kama ilivyo kwanza

Nina besi mpya, yaani gitaa la besi la umeme, na furaha yake siwezi kuificha. Ni ya mtindo wa zamani, ule mpangilio wa Precision, besi ya kampuni ya Fender, wa mwisho wa miaka ya 50, pikapu (ile sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi) moja iliyogawanywa vipande viwili, nobu mbili tu, rangi ya njano katikati inayozidi kukolea mpaka nyeusi pembeni, na shingo nene inayojaza kiganja. Kila nikipita karibu nayo naichukua, hata kama sina cha kufanyia mazoezi, napiga E ya chini, ule uzi mnene kuliko wote, naiacha ivume mpaka iishe yenyewe, na mvumo naupata mpaka kifuani maana mbao inaegemea mbavu. Kama na we umepata ya kwako juzijuzi, au bado unajikusanya ununue, nina ushauri mmoja mkubwa na mingine midogo midogo. Ule mkubwa ni huu: usibadilishe kitu kwenye hiyo besi mpaka mikono yako iizoee.

Najua kishawishi kilivyo. Unaingia mtandaoni unakuta kila mtu anasema weka pikapu nyingine, weka daraja zito (kile chuma cha mwilini kinachoshika nyuzi), ongeza saketi ya betri upate nobu za kuongeza na kupunguza sauti nzito na trebo, yaani sauti kali za juu. Mi nasema subiri. Hizi besi zina vitu vichache kwa sababu ndivyo zilivyobuniwa, na kuna mengi sana ndani ya huo uchache ambayo huwezi kuyajua ndani ya wiki ya kwanza.

Mtengenezaji anayeitwa Leo Fender alitoa Precision mwaka 1951 kule California. Kabla ya hapo mpiga besi alikuwa amebeba lile besi kubwa la kusimama, halina freti (vile vyuma vya kwenye shingo vinavyogawa noti), halisikiki vizuri mbele ya ngoma na tarumbeta, na kusafiri nalo ni kazi. Yeye akaleta besi ya kuvaa begani, yenye freti, kwa hiyo noti inatoka palepale ilipo, na ndiko jina Precision, yaani usahihi, lilikotoka. Urefu wa uzi kutoka juu ya shingo mpaka kwenye daraja ulikuwa inchi 34 na mpaka leo hiyo ndo saizi ya kawaida ya besi nyingi. Mwaka 1957 ikaja ile pikapu ya vipande viwili, nusu moja inashika nyuzi mbili za chini na nyingine mbili za juu, na zimeunganishwa kwa namna ambayo ule mngurumo wa umeme unajifuta wenyewe. Mwaka 1960 ikafuata Jazz Bass, pikapu mbili, shingo nyembamba zaidi kule juu. Kwa hiyo ukisikia besi mpya ya mtindo wa zamani, mara nyingi ni mojawapo ya hizo mbili, imetengenezwa leo kwa ramani ya wakati ule.

Sasa turudi kwenye nobu mbili. Volyumu na toni, basi. Mwanzoni unaweza kuona kama umenyimwa kitu, lakini hebu jaribu hivi: usiguse nobu yoyote, piga mstari uleule mmoja, kwanza vidole vikiwa karibu na mwisho wa shingo, halafu juu ya pikapu, halafu nyuma kabisa karibu na daraja. Kule mbele sauti ni nene, imejaa, inaelea. Juu ya pikapu inakuwa na mwili na inasema. Kule nyuma inakaza, inakuwa na makali na uzi unahisi mgumu zaidi chini ya kidole. Hizo ni sauti tatu tofauti kabisa na hujazungusha chochote. Ongeza hapo nguvu ya kidole, ongeza kupiga kwa ncha au kwa nyama ya kidole, ongeza kupiga kwa piki (kile kibapa kidogo cha kupigia nyuzi), ongeza kuziba nyuzi kidogo kwa ubavu wa kiganja huku dole gumba ndo linapiga, na utagundua una vyombo vingi ndani ya kimoja. Besi ya nobu sita inakuzoesha kutafuta sauti kwenye nobu, hii inakurudisha kwenye mkono, na mkono unaenda nao popote hata ukiazimwa besi ya mtu.

James Jamerson, yule mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit, kazi zake nyingi alizipiga kwa Precision ya 1962, kidole kimoja tu cha shahada mkono wa kulia, nyuzi nzito za flati, zile zenye uso laini, ambazo hakuwa na habari ya kuzibadilisha, na sponji chini ya kile kifuniko cha daraja. Na mistari yake ilikuwa inatembea kila mahali, wala haikuwa myepesi. Carol Kaye naye, mpiga besi wa studio ambaye amepiga kwenye rekodi nyingi mno kule Los Angeles, alitumia piki na kitambaa kizito cha kuzibia nyuzi. Wote wawili ni Precision, na sauti hazifanani hata kidogo. Tofauti ilikuwa kwenye vidole, kwenye piki na kwenye namna ya kuziba nyuzi, pikapu haihusiki hapo.

Nobu ya toni sasa, hii watu wengi wanaiacha imefunguka mpaka mwisho na hawaigusi tena maisha yao yote. Ifunge hadi nusu. Ukiwa mwenyewe chumbani utaona sauti imefifia, imekuwa butu, utatamani kufungua tena, lakini ipeleke hivyohivyo kwenye mazoezi na bendi uone inavyokaa chini ya ngoma bila kugombana na sahani za mpiga drams wala gitaa la solo. Kinyume chake pia ni kweli, ile sauti tamu ya chumbani ambayo umekata midi, yaani sauti za katikati, kwenye ampu ukaongeza sauti nzito na trebo, ukifika kwenye bendi inapotea yote, watu wanahisi mtetemo ila hawasikii noti. Hizi besi za zamani zina midi nyingi kwa asili, na midi ndo inakufanya usikike, usiikate. Alafu usiihukumu besi yako kwa klipu ya simu, E ya chini iko kama hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na spika ya simu haiwezi kuitoa hiyo.

Kitu pekee nitakachokuruhusu kubadilisha mapema ni nyuzi. Kuna raundi, zile zenye mikwaruzo ukipitisha kidole, zinang'aa, zina kelele za vidole, nzuri kwa roki na kwa kupiga kofi, yaani kuugonga uzi kwa dole gumba. Na kuna flati, zimezungushiwa utepe bapa, laini kabisa, sauti yake inaanza na dumm halafu inazima mapema. Besi za miaka ya 50 kwa kawaida zilikuwa na flati maana raundi zilikuja kushika kasi baadaye kwenye miaka ya 60, John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, akiwa mmoja wa waliozipigia debe. Mi nimeweka flati na kiukweli sidhani kama nitazitoa. Zina bei kuliko raundi lakini zinadumu miaka, na kadiri zinavyochakaa ndo zinazidi kuwa tamu. Kama hutaki kuingia huko bado, kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja kitakupeleka nusu ya safari.

Ila ujue flati nyingi zinavuta shingo kwa nguvu zaidi, kwa hiyo ukibadilisha lazima uiseti upya. Na hata usipobadilisha, besi mpya iliyosafiri kutoka mbali mbao yake inahitaji kutulia, ipe siku kadhaa kwenye hewa ya hapo unapokaa ndo uanze kupima. Bana uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, angalia katikati kwenye freti ya 7 au ya 8, panatakiwa pawe na nafasi ndogo sana, kama robo mpaka theluthi ya milimita. Ikiwa kubwa, nondo ya ndani ya shingo inahitaji kukazwa kidogo, ikiwa uzi umelala kabisa kwenye freti basi ilegezwe. Kwenye besi za muundo wa zamani kichwa cha hiyo nondo mara nyingi kiko upande wa chini kwenye kiungo cha shingo na mwili, maana yake unalegeza nyuzi na skrubu za shingo ndo ukifikie. Robo ya mzunguko au chini ya hapo, unarudisha, unatyuni, unapima. Kama hujawahi kufanya mpe fundi, hela ya seti nzuri ni hela iliyotumika vizuri kuliko pikapu yoyote. Akimaliza, linganisha noti ya freti ya 12 na ile ya kugusa uzi juu juu palepale bila kubana, ya kubana ikiwa juu kuliko ya kugusa, kile kipande cha uzi huo kwenye daraja kirudishwe nyuma.

Kwa wenye Jazz Bass: ukisikia mngurumo ukifungua pikapu moja tu, besi yako si mbovu, fungua volyumu zote mbili sawasawa utaona unakata.

Kama ndo unatafuta ya kununua, shika shingo kabla ya kuangalia rangi. Shingo ya Precision ya zamani ina upana wa kama milimita 44 kule juu, ya Jazz ina 38 hivi, na tofauti hiyo mkono wa kushoto unaijua ndani ya dakika moja. Iweke kwenye mkanda, simama, achia mikono uone kama kichwa kinashuka, maana vile vyuma vikubwa vya kukazia nyuzi vina uzito. Nyingi zina kilo 4 na kitu, tafuta mkanda mpana wa ngozi ambao upande wa ndani hautelezi, bega litakushukuru kwenye shoo ndefu.

Na uliza imepakwa nini. Zile zinazofuata uzamani kwelikweli zinapakwa nitro, aina ya vanishi ya zamani, inakuwa nyembamba, inachakaa vizuri, lakini haipatani na mpira wala vinyl. Stendi nyingi za gitaa zina mpira pale besi inapoegemea, ukiiacha muda rangi inalainika na inashikana nao. Zungushia kitambaa cha pamba safi pale inapogusa, au ikae kwenye kasha lake.