Maswali ya Wasomaji: Vitabu vya Muziki wa Jadi wa Ayalandi

Swali: Nasoma noti vizuri na nina filimbi ya bati ya D. Nimepakua mkusanyiko wa Francis O'Neill wenye tuni 1,001. Napiga kila noti ilivyoandikwa, lakini haisikiki kama muziki wa Waayalandi. Je, kitabu hiki hakifai?

Jibu: Kinafaa sana, ila si cha kujifunzia upigaji. O'Neill, mzaliwa wa Cork nchini Ayalandi aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago kuanzia 1901 hadi 1905, alikitoa mwaka 1907 kwa ajili ya watu waliokwisha kuuzoea muziki huo masikioni. Kilichochapwa ni mifupa ya tuni. Rili (aina ya tuni ya ngoma ya haraka), kwa mfano, huandikwa noti nane zinazolingana katika kila kipimo, lakini mpigaji huzipa uzito tofauti, na noti ndefu huzijaza mapambo ambayo mara nyingi hayaandikwi.

Chukua pambo liitwalo roli, kwenye noti ya G. Unapuliza G, unainua kidole kimoja cha mkono wa kushoto na kukirudisha papo hapo (huu ndio mkato), unaendelea na G, kisha kidole cha shahada cha kulia kinagonga tundu la nne na kuachia (hili ndilo pigo la kidole). G imesikika mara tatu. Ulimi unatumika mwanzoni tu. Ukiutumia kila mara, roli inakatika vipandevipande. Na kidole kikichelewa kurudi, inasikika noti nyingine kamili badala ya mkato.

Mambo haya yamefafanuliwa kwa kina na Grey Larsen katika *The Essential Guide to Irish Flute and Tin Whistle* (2003). Ni kitabu kinene, hivyo usikisome mfululizo: shika mikato kwanza, kisha mapigo ya kidole, ndipo uende kwenye roli.

O'Neill umrudie baadaye, kwa utaratibu huu: chagua jigi moja (aina nyingine ya tuni ya ngoma) iliyo katika G au D, tafuta rekodi yake, isikilize hadi uweze kuiimba kwa mdomo, ndipo ufungue ukurasa. Nyingi zina sehemu mbili za vipimo 8, kila moja ikirudiwa, kwa hiyo mzunguko mzima ni vipimo 32. Ukikuta noti iliyo chini ya D ya chini kabisa ya filimbi yako, ujue tuni hiyo imeandikwa kwa kufuata fidla; panda oktava moja kwa kifungu hicho tu. Tuni za A yenye alama tatu za kupandisha noti (♯) ziache kwanza, kwa sababu zinadai kuziba tundu nusu.

Swali: Mimi sipigi chombo. Nataka kuelewa muziki wenyewe na historia yake.

Jibu: Anza na *Folk Music and Dances of Ireland* cha Breandán Breathnach (1971). Ni kifupi, na kinaeleza nyimbo, ngoma na vyombo bila kukuchosha. *The Companion to Irish Traditional Music*, kilichohaririwa na Fintan Vallely, ni ensaiklopidia; kiweke kando kwa kutafuta jina au neno linalokutatiza, na ukipata nafasi chukua toleo la 2011. Kwa wasifu wa wapigaji wa zamani, hasa wa kinubi na zumari za Ayalandi zenye mfuko wa hewa, soma *Irish Minstrels and Musicians* cha O'Neill cha 1913. Hakina tena hakimiliki, kwa hiyo usilipie nakala ya kidijitali.