Kulisha bata-maji ukiishi kwenye boti: maswali na majibu

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wanaoishi kwenye boti za mifereji ya Uingereza. Moja limetoka Kisumu. Bata-maji ni yule ndege mkubwa mweupe mwenye shingo ndefu (swan).

Tumefunga boti Regent's Canal, London. Jirani wa mbele anasema mkate unaua bata-maji. Wa nyuma anawatupia mabofulo kila asubuhi. Nani mkweli?

Wa mbele ametia chumvi, wa nyuma amezidisha. Mkate wenyewe si sumu. Profesa Christopher Perrins wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliyekuwa msimamizi wa bata-maji wa Malkia Elizabeth, alieleza kuwa ndege hawa wamelishwa mkate kwa mamia ya miaka bila kudhurika. Kilichomsumbua ni kwamba kampeni za kupinga mkate zimewafanya watu waache kuwalisha kabisa.

Ugonjwa unaotajwa sana ni wa bawa kupinda: kiungo cha mwisho cha bawa la kinda kinageukia nje, na akikua haruki. Lishe inashukiwa, ila haijathibitika kwamba mkate ndio chanzo.

Ubaya wa mkate uko kwingine. Sehemu yake kubwa ni wanga, na unajaza tumbo lililotakiwa kujaa majani ya majini. Bata-maji mzima ana uzito wa kilo 10 hivi na anaweza kula kilo 3 hadi 4 za majani kwa siku, kwa hiyo slesi moja haimpunguzii kitu. Mabofulo matano yanayobaki yakielea ndiyo balaa: yanaoza, yanamaliza oksijeni majini na kuwaita panya. Mkojo wa panya hubeba vijidudu vya leptospirosisi, ugonjwa unaompata mtu pia, na wewe unashika kamba zilizolowa kila siku kwa mikono mitupu.

Mkate wenye ukungu usiutupe majini hata kipande. Ulio mzuri, slesi moja kwa ndege mzima kwa siku inatosha, ikatwe vipande vidogo vya ncha ya kidole gumba.

Tukiacha mkate, tuwape nini, na kiasi gani?

Ngano nzima, mahindi, njegere za friji zilizokwisha yeyuka, na majani: letasi, spinachi, kabichi iliyokatwa nyembamba. Majani ndiyo bora kuliko vyote kwa sababu yanaelea, na yakibaki hayachafui maji upesi. Usitoe krispi, chipsi, biskuti za chumvi wala chokoleti.

Nafaka huzama, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Bata-maji hufikisha shingo kama mita moja chini ya maji. Bata wa kawaida, hata akisimama kichwa chini mkia juu, hafiki huko. Ukimwaga ngano katikati ya mfereji, nyingi inalala kwenye tope na kuoza. Mwaga kwenye maji mafupi karibu na ukingo, konzi moja kwa kila ndege. Baada ya dakika kumi ukiona nafaka bado ipo, kesho punguza nusu. Kuna pia vidonge vya chakula cha bata-maji vinavyoelea; ni ghali kuliko ngano, lakini hakuna kinachopotea.

Walishe wakiwa majini, wasipande njia ya ukingoni. Wakila wanakunywa, na chakula kinashuka vizuri. Wakizoea kupanda nchi kavu wanakutana na mbwa na baiskeli.

Mambo mawili ya boti yenyewe. Maji machafu ya sinki na bafu kwa kawaida yanamwagikia moja kwa moja mferejini, na sabuni huondoa mafuta yanayozuia manyoya kulowa; basi lisha upande usio na tundu la maji machafu. Pili, usilishe kutoka tezi (nyuma ya boti) injini ikiwa kwenye gia. Rafadha inayosukuma boti iko pale pale chini, na bata anayefuata chakula haitazami.

Gunia la kilo 20 la ngano liweke ndani ya pipa la bati lenye kifuniko kinachobana. Panya hupanda kwa kamba za kufungia, na unyevu wa boti huotesha ukungu kwenye nafaka kama unavyouotesha kwenye mkate.

Saa kumi na moja alfajiri kitu kinagonga ubavu wa boti kama fundi wa bati. Ni bata?

Ndiyo. Wanadonoa mwani ulioota kwenye chuma usawa wa maji. Hawaombi chakula, kwa hiyo kuwalisha hakutawanyamazisha. Sugua mstari huo kwa brashi ngumu yenye mpini mrefu, pande zote mbili. Mwani utaota tena baada ya wiki chache, hasa kiangazi; nawe utasugua tena.

Bata-maji anakuja dirishani na kugonga kioo kwa mdomo. Watoto wamezoea kumlisha mkononi. Kuna ubaya?

Upo, ingawa hautakupata wewe. Mtahama, ila yeye atabaki akigonga kila boti inayofunga hapo, na asipopewa atamdonoa mtoto wa mwenzako. Kuanzia leo chakula kisitoke tena dirishani. Watoto watupe mita mbili au tatu mbali na boti, wakiwa omo (mbele ya boti). Siku za mwanzo atagonga kwa hasira, msifungue.

Wamejenga kiota mita chache kutoka tulipofunga, na dume anatushambulia kila tukitoka. Tumtulize kwa chakula?

Hapana. Chakula kitamleta karibu zaidi. Jike hutaga mayai 5 hadi 7 hivi na huatamia kwa takriban siku 35 hadi 41; dume analinda muda wote huo. Lile neno kwamba anaweza kuuvunja mkono wa mtu limekuzwa mno, lakini anaweza kumwangusha majini mtu aliyesimama kwenye ukingo mwembamba wa boti.

Fungueni kamba mkahame. Mkiwa watu wa kuzunguka bila gati la kudumu, sheria ya 1995 inataka msikae mahali pamoja zaidi ya siku 14, hivyo safari ilikuwa inakuja tu. Mkipita mbele ya kiota, injini iende polepole kabisa: wimbi la boti linaweza kufika kwenye mayai. Kukiharibu au kukiondoa kiota, au kuchukua mayai, ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori na Mashambani ya 1981, hata kama kimejengwa juu ya kamba yenu.

Mwezi Julai wetu hawaruki, na manyoya yametapakaa. Wanaumwa?

Wanabadilisha manyoya. Yale makubwa ya mabawa huanguka pamoja, na kwa wiki sita hivi hawawezi kuruka. Waongezeeni majani kidogo, na mbwa afungwe.

Nimemwona mmoja ana uzi wa ndoano unaning'inia mdomoni. Niuvute?

Usiuvute, na usiukate pia. Ukivuta, ndoano inachana koo. Ukikata, mwokoaji hatajua ilipo. Piga simu RSPCA, shirika la kutetea wanyama, au kikundi cha uokoaji cha eneo lako, eleza namba ya daraja au loku (malango ya kupandishia na kushushia boti) iliyo karibu, kisha mbakize ndege mahali pamoja kwa kumtupia chakula kidogo kidogo hadi wafike. Hii ndiyo nafasi pekee ambapo kulisha pole pole kwa saa nzima kunafaa.

Mfereji ukiganda tufanye nini?

Hapo ndipo chakula chako kina thamani kuliko msimu mwingine wote, kwa sababu majani yamefungiwa chini ya barafu. Vunja barafu kwa mti mrefu ukiwa juu ya boti, pafunguke penye upana wa meza, na utoe ngano na mahindi asubuhi na jioni. Ukimwona ndege amenasa, usikanyage barafu kumfuata. Piga simu.

Niko Kisumu. Mbona huku hatuwaoni bata-maji?

Si ndege wa asili wa Afrika Mashariki. Lakini bata wa Misri, yule wa kahawia mwenye doa la kahawia iliyokoza kama miwani kuzunguka jicho, anayeonekana Naivasha na Manyara, alipelekwa Uingereza kama pambo la bustani, akatoroka, na leo anazaliana kwenye bustani na mito ya London. Anakula nyasi na nafaka. Haogopi mtu, na akiwa na makinda ni mgomvi.

Tumekuta bata-maji wawili wamekufa karibu na boti. Tuwaopoe?

Msiwaguse, wala mbwa asiwanuse. Mafua ya ndege yameua bata-maji wengi Uingereza tangu 2021. Toeni taarifa kupitia tovuti ya serikali, GOV.UK, mkitaja mahali na idadi. Acheni kulisha hapo, maana chakula kinakusanya ndege wazima kwenye maji yale yale, na mfungue boti msogee mbele.