Jibu: Usafi wanakuja, kikao cha wiki hawaji

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, unauliza kwa nini kwenye klabu yenu ya kujitolea hapa Dar, Jumamosi ya kuokota taka Coco Beach mnafika thelathini, ila kikao cha kila Jumanne mnabaki saba. Yalitukuta hayo hayo.

Kabla hujamlaumu mtu, angalia saa na njia. Sisi tulikuwa tunakutana Masaki saa 11 jioni, na nusu ya wanachama wanakaa Mbagala na Gongo la Mboto. Mtu ametoka kazini Posta, kakaa kwenye foleni, anaingia tuko kwenye "mengineyo". Halafu arudi usiku kwa daladala mbili! Tulihamia Magomeni, jirani na kituo cha mabasi ya mwendokasi, tukaanza saa 12 na nusu. Wakarudi taratibu.

Kikao chenyewe nacho kikague. Katibu wetu alikuwa anasoma muhtasari wote neno kwa neno, dakika ishirini, chai inapoa. Siku hizi unatumwa WhatsApp mapema, kikaoni tunagawana kazi: nani analeta magunia, nani glovu, nani anaongea na serikali ya mtaa kuhusu gari la taka.

Kama ni klabu ya Rotary (ule mtandao wa kimataifa wa klabu za kujitolea), kukutana kila wiki si lazima. Tangu 2016 klabu zinaruhusiwa kukutana angalau mara mbili kwa mwezi, na shughuli ya kujitolea inaweza kuhesabiwa kuwa mkutano. Ila rekebisheni kwanza kanuni zenu za ndani.

Faini za wachelewaji tulijaribu, zikaleta manung'uniko tu. Kwenu sijui.