Jibu: DVD kutoka Marekani inakataa kucheza

Ndugu, umeuliza kama DVD uliyoletewa kutoka Marekani ni mbovu kwa kuwa kompyuta yako inaikataa. Hapana, ni nzima. Geuza kava uangalie nyuma: utaona kialama cha dunia chenye namba ndani, yaani namba ya eneo la dunia ambako diski imekusudiwa kuchezwa. Marekani na Kanada ni 1, Ulaya Magharibi na Japani 2, sehemu kubwa ya Afrika 5. Namba ya diski na ya kifaa zisipolingana, hupati picha.

Kompyuta ikikuuliza kama ubadilishe eneo, usibonyeze haraka haraka! Kwa kawaida unaruhusiwa mara 5 tu, kisha namba ya mwisho inajifunga moja kwa moja. Hata ukipiga Windows upya haitoki, maana imehifadhiwa ndani ya draivu yenyewe, ile sehemu ya kompyuta inayosoma diski.

Kinachoniuma ni kwamba anayebanwa ni yule aliyelipa pesa yake halali. Nakala ya wizi mara nyingi haina kufuli hilo. Wenye haki za filamu wanauza leseni eneo kwa eneo, sawa, lakini mnunuzi aambiwe waziwazi kabla hajalipa.

Kwako wewe, tafuta deki inayosoma maeneo yote.