Je, Obama alimkana mchungaji wake? Mgombea na maneno ya mtumishi anayemuunga mkono

SWALI: Shalom mtumishi wa Mungu. Mimi ni Mkenya naishi Texas, tunasali ibada ya Kiswahili mchana wenye kanisa wakishamaliza yao. Jumapili iliyopita watu walibishana sana hapo nje, mzee mmoja akasema Obama mwaka 2008 alimkana mchungaji wake kama Petro alivyomkana Yesu, wengine wakasema hapana, mchungaji ndiye alitaka kumharibia. Sasa naomba kujua, mgombea abebe lawama ya maneno ya mtumishi anayemuunga mkono? Na mimi mpiga kura nimpime kwa hayo? Halafu pasta wetu anataka kumpandisha madhabahuni mgombea wa udiwani wa hapa mjini, na mimi sina amani na hilo jambo. Nisaidie.

JIBU: Shalom dada yangu. Mzee wako kaongea kwa uchungu lakini mfano sio wenyewe. Petro alimkana Bwana. Mchungaji Jeremiah Wright ni mtumishi, wa kuheshimiwa sana tu, ila si Bwana, na kumpinga mtumishi hadharani sio dhambi kwa yenyewe, Paulo alimpinga huyohuyo Petro uso kwa uso kule Antiokia (Wagalatia 2) na hakuna anayesema Paulo aliasi. Hilo limeisha. Lile la pili ndo lina nyama, na ili tulile vizuri inabidi nikukumbushe mambo yalivyokwenda maana wengi wanabishana kwa klipu za kwenye simu.

Wright alilipokea kanisa la Trinity kule kusini mwa Chicago mwaka 1972 likiwa na waumini 87, akalikuza mpaka maelfu. Huyu mtu alishavaa sare ya jeshi la Marekani, watu wanasahau hilo. Ndiye aliyefungisha ndoa ya Obama na Michelle mwaka 1992, akawabatiza mabinti zao, na hata jina la kile kitabu cha Obama, The Audacity of Hope, lilitoka kwenye mahubiri yake. Sasa angalia kitu kimoja ambacho hakisemwi sana. Februari 2007 Obama anatangaza kugombea urais pale Springfield, Illinois, na Wright ndiye aliyepangwa kufungua kwa maombi. Usiku wa kuamkia siku yenyewe anaambiwa usipande. Akaishia kuomba na familia pembeni, jukwaani hakuonekana. Yaani mwaka mzima kabla ya moto kuwaka, watu wa kampeni walishaunusa moshi, wakachagua kumficha mchungaji badala ya kukaa naye wakaambiana ukweli. Kwa maoni yangu kosa la kwanza liko hapo, wala sio kwenye zile video.

Video zenyewe zilitoka Machi 2008, televisheni ya ABC ikaonyesha vipande vya mahubiri, na ndani ya siku chache dunia nzima inasikia Wright akisema Mungu ailaani Marekani. Hayo yalikuwa mahubiri ya Aprili 2003, na hoja yake kwa urefu ilikuwa kwamba serikali hudanganya, hubadilika, hushindwa, Mungu hafanyi hivyo, kwa hiyo usichanganye Mungu na serikali. Alitaja Wahindi Wekundu waliofukuzwa kwenye ardhi zao, Wajapani waliofungwa makambini, Waafrika waliotiwa minyororo. Kipande kingine kilikuwa cha Septemba 16, 2001, Jumapili ya kwanza baada ya minara ya New York kuangushwa na magaidi, alihubiri Zaburi ya 137 ambayo ukiisoma mpaka mstari wa mwisho utakuta watu waliolia kwa mito ya Babeli wanaishia kutamani watoto wa adui wapondwe mwambani, na yeye alikuwa anawaonya waumini wake jinsi uchungu unavyogeuka kuwa kisasi juu ya wasio na hatia. Ukisikia sekunde kumi hulipati hilo.

Lakini nisikupambie. Kwenye mahubiri yaleyale ya 2003 alisema serikali ndiyo iliyobuni virusi vya UKIMWI ili kuwamaliza watu weusi. Huo si unabii dada, huo ni uvumi uliovaa joho. Naelewa ulikotoka, maana serikali ya Marekani kweli ilifuatilia wanaume weusi wenye kaswende kule Tuskegee toka 1932 mpaka 1972 bila kuwatibu, sasa watu walioona hayo wataamini lolote. Ila mhubiri hapewi ruhusa ya kusema uongo kwa sababu jirani yake alishawahi kudanganywa. Nabii akisema kali iliyo kweli, sawa, Amosi alisema. Akichanganya na lisilo kweli, na ile kweli yake inazama.

Machi 18 Obama akahutubia kule Philadelphia. Akasema anayakataa yale maneno lakini mtu mwenyewe hawezi kumtupa, kama asivyoweza kuitupa jamii ya watu weusi au bibi yake mzungu aliyemlea ambaye naye alikuwa na maneno yake. Mimi nikiisoma leo bado naona ni hotuba ya mtu wa kanisani, maana sisi kwenye familia ndivyo tunavyofanya, neno tunalikataa, mzee hatumtoi nje. Na moto ukapungua kweli.

Aliyeuwasha tena ni Wright mwenyewe. Aprili 28 akasimama mbele ya waandishi wa habari Washington, maswali yakaanza, na hapo mtu aliyekuwa ameonewa na vipande vya video akakaa mwenyewe mbele ya maiki akarudia. Akamsifia Louis Farrakhan, kiongozi wa Nation of Islam anayelaumiwa kwa maneno yake juu ya Wayahudi, akaulizwa habari ya UKIMWI akarudi kulekule Tuskegee kwamba serikali inaweza kufanya lolote, na kubwa zaidi akasema Obama anasema anayosema kwa sababu ni mwanasiasa. Kesho yake Obama akamkataa waziwazi, akisema mtu aliyemwona jana si yule aliyekutana naye miaka 20 iliyopita. Mei 6, kwenye kura za mchujo za chama chake, Obama akashinda North Carolina vizuri, Indiana akapoteza kwa kura kiduchu. Mwisho wa mwezi huohuo padri mmoja Mkatoliki, Michael Pfleger, mgeni tu, akapanda mimbari ya Trinity akamwigiza Hillary Clinton, mpinzani wa Obama kwenye mchujo, akilia, basi Mei 31 familia ya Obama ikatoka kabisa kwenye kanisa lile.

Sasa pima. Maneno ya zamani yaliyochimbuliwa Obama aliyakataa, ila mtu wake akambeba. Kwa maneno ya siku ile, kwenye mwanga, kwa makusudi, hakumbeba tena. Mimi naona alitofautisha sawasawa. Mchungaji anayehubiri kwa kondoo wake ana haki ya kusikilizwa mahubiri yote, lakini akishatoka mimbarini akaingia kwenye mkutano wa waandishi katikati ya kampeni, yeye naye ni mwanasiasa siku hiyo na apimwe kama mwanasiasa.

Upande wa pili nao usifikiri ulikuwa salama. John McCain, mgombea wa Republican aliyeshindana na Obama, mwaka 2000 aliwashambulia wahubiri wa televisheni Pat Robertson na Jerry Falwell kwamba ni mawakala wa kutovumiliana, Wakristo wa kiinjili wakamnunia miaka. 2008 akawahitaji, ndo Februari 27 akaupokea uungaji mkono wa mchungaji John Hagee wa kanisa la Cornerstone, San Antonio, huko kwenu Texas, siku chache kabla ya Texas kupiga kura. Hagee alishasema kimbunga Katrina ni adhabu ya Mungu kwa New Orleans, na Wakatoliki walimlalamikia kwa aliyoyasema juu ya kanisa lao mpaka akaandika barua ya kuomba radhi. Halafu yakatoka mahubiri ya zamani ambapo alichukua Yeremia 16:16, ile ya Mungu kuita wavuvi kisha wawindaji, akamfanya Hitler ndiye mwindaji wa kuwasukuma Wayahudi warudi Israeli. Mei 22 McCain akaukataa uungaji mkono wake, na siku hiyohiyo akamkataa na mchungaji Rod Parsley wa Ohio kwa maneno yake juu ya Uislamu. Tofauti na Obama ni kwamba McCain hakuwahi kuwa kondoo wa Hagee. Alienda kutafuta kura kwa mtu ambaye hakusikiliza anahubiri nini. Huyu namlaumu zaidi, ingawa haki yake nampa, aliwazuia watu wake kumtumia Wright kama silaha na chama chake kule North Carolina kilipotoa tangazo la Wright akawaomba waliondoe.

Na sisi wa Afrika Mashariki tumo humo. Mchungaji Thomas Muthee wa Kiambu alikuwa mgeni kwenye kanisa la Wasilla, Alaska, mwaka 2005, akamwekea mikono Sarah Palin aliyekuwa anautafuta ugavana, akaomba Mungu amlinde na kila aina ya uchawi. Kwetu hayo ni maombi ya Jumatano jioni, hakuna hata anayegeuka kuangalia. Septemba 2008 Palin ni mgombea mwenza wa McCain, video ikatoka, Marekani ikashangaa utadhani limetendeka jambo la ajabu. Maneno yalikuwa yaleyale, masikio ndo yalibadilika, na mtumishi akikubali kumwekea mikono mwanasiasa ajue anahubiria pia masikio asiyoyaona.

Biblia sasa. Watu wanapenda Nathani akimwambia Daudi wewe ndiwe mtu yule, na ni kweli. Ila soma 1 Wafalme 1, Nathani huyohuyo anafanya kampeni kabisa! Anampanga Bathsheba nini cha kumwambia mfalme, anaingia nyuma yake kuthibitisha, mpaka Sulemani anapata kiti. Upande wa pili kuhani Abiathari alimuunga mkono Adoniya, tena mtu aliyelibeba sanduku mbele ya Daudi, na mgombea wake aliposhindwa yeye akafukuzwa Yerusalemu akaenda kukaa shambani Anathothi. Biblia haisemi mtumishi haruhusiwi kuwa na upande. Inaonyesha tu kwamba ukiingia na upande unaingia na madhabahu yako, na huchagui hasara itaishia wapi. Soma na 1 Wafalme 22, manabii 400 wanamwambia Ahabu panda utashinda, Mikaya peke yake anasema hapana, na mfalme alishasema anamchukia kwa sababu hamtabirii mema. Wanasiasa wengi wanatafuta wale 400. Wright pamoja na makosa yake hakuwa mmoja wao.

Kwa hiyo kwenye kura yako jiulize mambo mawili tu. Mgombea mwenyewe amesema nini kwa kinywa chake, na amemwita nani jukwaani akijua anachofundisha. Mchungaji aliyembatiza hakumchagua kwa kampeni, lakini aliyempa maiki mwezi uliopita alimchagua. Na akimkataa mtu, angalia amemkataa kwa sababu neno ni baya au kwa sababu kura zimepungua, japo la moyoni tumwachie Mungu.

Haya, huyo diwani wenu. Mwambie pasta kwa adabu, uende na mzee mmoja wa kanisa msiende kikundi, kwamba mwaka 2021 Askofu Mkuu wa Anglikana kwetu Kenya, Jackson Ole Sapit, aliwazuia wanasiasa kuongea ibadani, waje waabudu kama wengine, na hakuna kanisa lililokufa kwa hilo. Tena hapo mlipo sheria ya kodi ya tangu 1954 inakataza makanisa yasiyolipa kodi kumpigia debe mgombea, japo mwaka 2025 mamlaka ya kodi ilisema mahakamani kwamba maneno ya ibadani kwa waumini wenyewe hayahesabiki, kwa hiyo ulizeni kwanza msije mkawaingiza hata wenye jengo lao kwenye shida. Mgombea akaribishwe, akae kwenye benchi, asimame asalimie jina tu. Wenye maswali ya shule na vibali vya biashara wamuulize nje, baada ya ibada, kwenye chai. Pasta akitaka kumwombea amwombee, 1 Timotheo 2 imetuagiza, ila ombi hilohilo aliombe na kwa mpinzani wake, kwa jina lake, Jumapili hiyohiyo.