Jibu: Eurovision 1969 na washindi wanne

Umeuliza kama ni kweli Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, mwaka 1969 walishinda wanne, au ni stori tu. Ni kweli kabisa. Madrid, Machi 29, nchi 16. Mwisho wa kura Hispania (Salomé), Uingereza (Lulu), Uholanzi (Lenny Kuhr) na Ufaransa (Frida Boccara) wote wana pointi 18. Kanuni ya kuvunja sare haikuwepo, basi wote wakatangazwa washindi.

Chanzo ni mfumo wa kura wenyewe. Kila nchi ilikuwa na waamuzi 10, na kila mwamuzi kura moja tu. Kura zikatawanyika hovyo, kwa hiyo pointi 18 tu zikatosha kuongoza. Binafsi ningempa Lenny Kuhr na gitaa lake, maana wimbo aliuandika muziki mwenyewe, ila huyo Lulu ndiye aliyekuwa na jina kubwa.

Na usisahau siasa: Austria ilikataa kwenda, Hispania ikiwa bado chini ya dikteta Franco.

Mwaka uliofuata Finland, Norway, Sweden na Ureno zikajitoa, wakabaki 12. Kwa kuwa washindi walikuwa wanne, mwenyeji akapatikana kwa kura ya bahati, ikaangukia Uholanzi, shindano likafanyika Amsterdam. Hapo ndipo kanuni ya sare ikawekwa. Kanuni ya aina hiyo ilikuja kuhitajika 1991 kule Roma: Sweden na Ufaransa pointi 146 kila mmoja, Carola wa Sweden akapewa ushindi kwa kuwa alipata alama za 10 nyingi zaidi.